Makarara Tisa

Bibi yangu alitolewa mtoto wa jicho mwanzoni mwa Shaaban, akarudi nyumbani kwetu Birkat al Mauz na miwani myeusi na masharti manne ya daktari: asiiname, asisogelee moto wa jikoni, asibebe kitu kizito, na asitie mguu shambani mwezi mzima kwa ajili ya vumbi. Matatu ya mwanzo aliyapokea bila ubishi, maana yote yalimwangukia mama yangu. La nne ndilo lililomtia homa. Mwezi ule ndio mitende ya kuwahi hupasua makarara, na mtende wa bibi ulikuwa kizimbani.

Karara ni neno alilokuja nalo kutoka Unguja, la mnazi: ile ala ngumu inayochomoza baina ya makuti, imeyafumbata maua ndani, ndefu kama mkono wa mtu. Likikomaa hupasuka. Mtende ukishapasua, lazima mtu apande atie unga wa mtende dume ndani ya maua ya jike, na afanye hivyo ndani ya siku mbili tatu. Akichelewa hupati tende, unapata vitu vidogo visivyo kokwa ambavyo hata mbuzi wa jirani huvila kwa kuona haya. Na vitu hivyo ndivyo mtende wa bibi ulivyozaa miaka miwili mfululizo tangu babu kufariki, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kutazama juu.

Ami yangu, mtoto mkubwa wa bibi, anafanya kazi ofisini Maskati na huja kila Ijumaa. Amechoka kuiacha gari yake juani mwisho wa kichochoro. Mtende wa bibi umesimama pale pale shamba letu linapopakana na njia, na siku moja, huku anakunywa kahawa, ami akasema mwaka huu ukizaa ubaki, usipozaa utolewe pajengwe kivuli cha gari. Alisema kama mtu anayeomba kupitishiwa halua. Bibi akaipokea kama hukumu ya kadhi.

Basi nikatumwa mimi. Kazi yangu ni ya jioni, nauza chai ya maziwa kwa watalii wanaokuja kutazama nyumba za udongo, kwa hiyo asubuhi nipo tu. Halafu, hivi ndivyo bibi alivyonieleza mbele za watu, nina miguu mizima na kichwa chenye nafasi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri niteremke, nifuate falaj, mfereji wa maji, mpaka shambani kwetu, nitazame, nirudi nimwambie. Mtende wenyewe, akasema, ni ule wa karibu na ukuta. Mimi nikaitika naam, naam, na huku nishavaa viatu.

Lazima niseme ukweli kwamba nilikwenda na mawazo yangu mwenyewe. Skuli tulifundishwa majira manne ya mwaka, na katika majira ya machipuko tulichora mtoto amesimama kwenye majani, juu yake wingu jeupe na pembeni maua mekundu ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona. Nilipata alama nzuri kwa ile picha, na alama nzuri sikuzipata nyingi, ndiyo maana nimeikumbuka. Tangu siku ile huwa nayatafuta machipuko kila mwaka, na bibi hunicheka. Ananiuliza kama nangojea theluji iyeyuke juu ya Jebel Akhdar. Kwao Unguja, anasema, mwaka ulikuwa na kaskazi na kusi, masika na vuli, na mtu alijua wapi pa kuweka mwavuli wake. Hapa alikuta baridi na joto, na katikati kitu chembamba ambacho ukipiga chafya kimekupita.

Mimi nikaazimia mwaka ule nisipige chafya.

Falaj yetu inatoka ndani ya mlima, na asubuhi za baridi maji yake hutoka vuguvugu, yanafuka moshi mwembamba kama chai iliyosahauliwa. Siku ya tano ya kazi yangu nilifika nikakuta maji hayafuki. Niliyatia mkono. Maji yalikuwa yale yale, hewa ndiyo iliyobadilika. Nilirudi mbio nikamwambia bibi kwamba baridi imekatika, nimeigusa kwa mkono wangu.

"Vizuri," akasema. "Na karara?"

Sikuwa nimetazama.

Siku iliyofuata milimau ilikuwa imetoa maua. Harufu niliisikia kabla ya kuuona mti, nikasimama nikafumba macho, na nikaendelea kusimama mpaka mzee mmoja aliyekuja kufungua mlango wa maji akaniuliza kama naumwa. Nilimkatia bibi kijitawi. Alikinusa, akakichomeka kwenye mtandio wake juu ya sikio, akakaa hivyo siku nzima kama bi harusi wa miaka sabini na tisa, na bado akauliza habari ya karara. Siku nyingine nilimletea kunazi mfuko mzima, nusu nimeshakula njiani. Siku nyingine nilimweleza habari ya shore wawili walioiba nyuzi za mtende kujengea kiota, na mmoja alibeba uzi mrefu kuliko yeye mwenyewe, akaangushwa nao mara tatu.

Bibi alimwambia mama yangu kwamba amemtuma mtu dukani kununua chumvi, na kila siku mtu huyo anarudi kumsimulia njia.

Nilijisikia vibaya kidogo. Kesho yake nikaenda moja kwa moja mpaka ukutani bila kutazama ndege wala ua, nikainua kichwa. Na pale juu, Mungu ni shahidi, nikaona mtende mnene, shingo pana, umependeza, na makarara yamesimama kuzunguka moyo wake kama watu waliokuja kumtazama mgonjwa. Nikahesabu. Nikazunguka upande wa pili nikahesabu tena. Tisa.

Nilirudi nikamwambia bibi. Akaniuliza polepole, kama anayeogopa kulimwaga neno, "Tisa?"

"Tisa, bibi. Bado yamefumba yote."

Alivua miwani akafuta jicho zima, lile lisilokuwa na dawa. Halafu akataka simu. Nikampigia ami, nikaweka sauti ya juu, bibi akamwambia kwamba mtende wa baba yake una makarara tisa, na kama ana fundi wa kivuli amwambie akatafute kazi kwengine. Ami akacheka, akasema mashallah mama, basi mimi natayarisha kikapu. Siku ile bibi alikuwa mkarimu kwangu kupita kiasi. Alinipa hata hadithi.

Hadithi yenyewe ni ya babu. Alipofika hapa na kukipata kile kipande cha shamba, hakuwa mgeni wa kulima. Alikuwa na minazi yake Unguja, akajiona mjuzi. Mnazi humpangii ndoa: dume na jike wako kwenye shada moja, upepo na nyuki wanamaliza mambo yao, wewe unasubiri nazi. Basi babu akaupalilia mtende, akaunywesha, akaketi kusubiri. Majirani wakamwona haiti mtu, wakadhani ana dawa yake ya kizinjibari. Wakati wa mavuno akateremsha mashada ya vitu vidogo kama punje za pilipili manga zilizonenepa. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Kwa miaka waliuita mtende ule mwanamwali wa Mzinjibari, kwa kuwa alisahauliwa kuozwa.

Bibi alicheka mpaka akajishika jicho. Mimi nilicheka pia, kwa kujiamini kabisa, kama mtu ambaye jambo la namna hiyo haliwezi kumfika.

Siku ya kumi ya ulinzi wangu, karara moja lilipasuka. Nilikuwa nimesimama chini yake, nikaona kitu cheupe kinanidondokea begani, laini kama unga wa ngano, kina harufu ya mkate ambao haujaiva. Sikusubiri kuona la pili. Nikakimbia kumtafuta bidari.

Bidari ndiye mtu wa mitende. Wetu ni mtu mzima kutoka Bangladesh, yuko hapa miaka mingi kuliko umri wangu, anashughulikia mashamba ya nusu ya mji, na huwezi kumwita ovyo. Unamwita karara likipasuka. Anasema Kiarabu kama sisi, na Kiswahili anajua neno moja tu alilofundishwa na bibi, shikamoo, ambalo humwamkia nalo kila mtu wa nyumbani kwetu, mimi na dada yangu wa skuli ya msingi tukiwemo. Nilimkuta juu ya mtende wa watu, amejifunga kamba yake kiunoni. Akaniamkia shikamoo kutoka kule juu. Nikamwambia ashuke, mtende wa bibi umefunguka.

Alikuja. Akainua kichwa akautazama ule mtende mnene, akanitazama mimi na unga wangu begani, akautazama tena mtende. Alianza kucheka polepole, kutoka tumboni, kama pampu ya maji inayotafuta moto.

"Huyu mume," akasema. "Mimi pia namngoja. Mtaa mzima unamngoja."

Sikufahamu mara moja. Yeye akapiga hatua nne kuelekea njiani, pembeni ya ukuta ule ule, akasogeza kuti kavu lililokuwa likining'inia, akanionyesha mtende mwembamba ambao nimeupita kila asubuhi, na siku mbili nilikuwa nimeuegemea nikitazama shore. Juu yake kulikuwa na makarara mawili tu, moja limetazama shambani, moja limejificha upande wa ukuta. Yote mawili yamepasuka. Maua yalikuwa yameshatoka nje, ushanga wa manjano hafifu kwenye nyuzi.

Nimezaliwa hapa. Nimekula tende kabla ya kuota meno. Na siku ile, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nilijua kwamba sijawahi kuutazama mtende hata siku moja.

Nilimuuliza yamefunguka lini. Akasema siku tatu, labda nne. Bado yatapokea? Akaashiria mlima kwa kidevu. Jebel Akhdar lilikuwa limevaa wingu mpaka mabegani, na wingu lenyewe halikuwa jeupe kama la picha yangu. Mvua ikinyesha baada ya kutia unga, akasema, unga unaoshwa. Kisha akapanda kwa dume.

Alilikata lile karara la dume lililopasuka akanirushia mimi nilishike. Akachukua nyuzi chache, akateremka, akapanda kwa jike. Kazi yake ilikuwa ya haraka na ya upole, kama mama anayesuka nywele za mtoto aliyelala. Aliyafungua maua ya jike, akayapiga kidogo kwa nyuzi za dume, unga ukaruka, akazipindua zile nyuzi juu chini akazichomeka katikati, akafunga kwa ukili wa kuti. Bismillahi aliitaja kwa sauti ya juu. Akahamia shada la pili, la upande wa ukuta, na pale alipokuwa anafunga ukili, tone la kwanza likanipiga puani.

Mtu asiyekaa kwetu hawezi kujua ni aibu gani niliyoifanya baada ya hapo. Hapa mvua huombewa dua. Ikinyesha watu hutoka na magari kwenda kutazama wadi, bonde kavu la mlimani, likishuka na maji, mama zetu hupiga vigelegele, watoto huruhusiwa kulowa. Mimi peke yangu katika Birkat al Mauz nzima nilisimama chini ya mtende nimekumbatia karara lililorowa, nikimwomba Mungu aipeleke ile rehema mji wa Ibra.

Ilinyesha mpaka adhuhuri.

Bidari, aliyekuwa amejibanza nami ukutani, alikuwa mwadilifu. Shada la kwanza, akasema, limekaa na unga kitambo kabla ya mvua, huenda limepokea. La pili ajuaye Mungu. Kwa dume hakuna jingine lililo tayari, na likija kuwa tayari, haya ya jike yatakuwa yameshapitwa.

Nilirudi nyumbani mweupe na mbichi kama andazi. Bibi alikuwa ameketi dirishani, anaisikiliza mvua kwa uso wa mtu anayefanya hesabu. Nilimweleza yote tangu mwanzo, la shingo nene, la hatua nne, la siku tatu. Nilitegemea anikaripie, na nilitaka anikaripie.

Aligeuka kutoka dirishani. Kisha akasema, "Mwanangu, siku zote hizo ulikuwa unanihesabia waume."

Na akaangua kicheko, akajifunika mtandio, akaniambia hukosi kuwa mjukuu wa babu yako. Lakini kicheko kiliisha kabla ya muda wake. Akakumbuka kwamba amekwisha mwambia mtoto wake tisa, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Ami alikuja Ijumaa na kikapu kweli, kwa kutania, kipya, kimesukwa Bahla. Baada ya sala tukatoka wote. Bibi alikataa kubaki ndani: daktari alimkataza shamba, hakumkataza njia, kwa hiyo alisimama kwenye lami na miwani yake, nimemshika mkono, ncha za viatu vyake zimegusa mpaka kama mchezaji mpira. Ami akaingia, akaegemea mti, akainua kichwa kuelekea ule mtende mnene, akahesabu kwa kidole.

"Tisa kamili," akasema. "Haya mama, nimeshindwa. Naitafutia gari pahala pengine."

Nisiwafiche, moyo wangu uliruka. Neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwake, mtende umepona, na hakuna aliyesema uwongo siku ile. Nilimbana bibi mkono. Nilidhani atanibana na yeye.

"Huo dume," bibi akasema. "Hauzai kitu. Wangu mimi ndio huo ulioegemea."

Ami akaruka kama ameegemea mlango wenye rangi mbichi. Akautazama mtende mwembamba juu mpaka chini.

"Huu? Una mangapi huu?"

"Mawili. Na moja limeoshwa na mvua."

Ami akamuuliza mbona hakumwacha aamini, naye alikuwa keshakubali. Alimuuliza bila hasira, kwa mshangao, kama mtoto.

"Nikuache mpaka mwezi wa sita, uje na kikapu chako usimame chini ya dume?" bibi akasema. "Baba yako alichekwa na mtaa mmoja. Wewe una simu, utachekwa mpaka Sur."

Mimi nilitazama chini kwa sababu nilikuwa nacheka. Ami alitembea tembea. Aliupapasa mtende, akapima kwa macho nafasi ya gari, akarudi kuupapasa tena. Mwisho akauliza itajulikana lini kama yale mawili yameshika. Mwezi, bibi akasema, nyuma kidogo mbele kidogo. Ami akasema basi atangoja huo mwezi. Fundi wa kivuli alikuwa keshazungumza naye, atamwambia asubiri. Hataki mengi: likishika hata moja, mtende ubaki na asije mtu akausema tena.

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

Mwezi ule nilijifunza kwa bidari jinsi ya kutambua, na nitawaeleza maana ni jambo dogo na mimi lilinishangaza. Kila ua la mtende jike lina matumbo matatu. Likipokea unga, moja tu linanenepa na mawili yanadondoka. Lisipopokea, yote matatu yanakua pamoja, yamesongamana, na hakuna litakaloiva sawasawa. Kwa hiyo hutazami kama kuna kitu. Unatazama kama kiko peke yake.

Tulikwenda katikati ya Ramadhani, saa ya asubuhi kabla kiu haijaanza kuuma. Bibi alikuwa keshafunguliwa na daktari, akatembea mwenyewe kando ya falaj bila miwani, anatazama kila kitu kwa jicho jipya na kukitia kasoro: ukuta huu ulikuwa mchafu hivi siku zote, na mimi kumbe nina chunusi. Nikaegemeza ngazi, nikapanda. Mtende ule si mrefu, lakini mtu aliyefunga huuona mrefu.

Shada la upande wa ukuta nililitazama kwanza, kwa sababu ndilo nililoliogopa. Punje zilikuwa zimeshikana tatu tatu, kijani kilichopauka. Nilivuta uzi mmoja baada ya mwingine. Tatu, tatu, tatu. Nilimwambia bibi bila kugeuka. Akasema sawa, kwa sauti ya kawaida, na nikasikia mkono wake ukiishika ngazi kwa nguvu zaidi.

Nikalifikia la pili kwa kuzungusha shingo. Jua lilikuwa machoni, ikabidi nilivute karibu na uso. Punje moja. Kando yake, kwenye uzi, alama mbili ndogo kavu pale wenzake walipodondoka. Nikatazama nyingine. Moja. Nyingine, moja. Zilikuwa ngumu, mviringo, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

"Sema basi," bibi akasema. "Au umeona ndege?"

"Moja moja, bibi. Shada zima ni moja moja."

Niliteremka ngazi mbili nikamwona ameinua uso, anatazama na yeye, mdomo unatembea kwa kumshukuru Mola wake. Kisha akaniamuru nipige picha nimpelekee ami, na nipige mashada yote mawili, lililoshika na lisiloshika, asije akasema tumemchagulia. Nikapiga. Nikatuma. Tukakaa kwenye ukingo wa falaj, kivulini, tukingoja.

Ami alijibu kwa sauti. Kwanza alicheka. Akasema amezitazama picha zote mbili, amezikuza, amewaonyesha na wenzake ofisini, na hakuna mmoja wao aliyejua lipi ndilo zuri, kwa hiyo tumwambie. Lakini kwa kuwa mama ametuma mbili, anajua moja ni kweli. Akamaliza: "Mwambie mama fundi nimemwachisha. Gari nitaifunika turubai."

Bibi aliitaka ile sauti tena. Nikairudia. Akaitaka mara ya tatu, na safari hii aliifuata kwa midomo mpaka kwenye neno turubai. Kisha akanyoosha mkono nimnyanyue, akauliza bidari anapatikana saa ngapi, maana shada moja kwenye mtende mzima litakuwa zito, litataka kufungwa kwenye kuti lisije likavunjika kwa upepo.